Kutoka Ngozini Hadi Kwenye Kioo

Tangu nistaafu, simu yangu haijapumzika. Vijana wa vifaa tiba mnanipigia mkiwa mmeinama juu ya mashine, nasikia hata inavyolia, na swali lenu ni lile lile: "Mama Fundi, inawaka lakini haisomi. Nianzie wapi?" Naanza kujibu, mtandao unakatika, napigiwa tena, naendelea pale nilipoishia kumbe huyu si yule wa kwanza. Juzi nilimweleza kijana mmoja kwa robo saa nzima namna ya kusafisha nyaya za mashine ya kupima moyo. Mwisho akaniambia kwa adabu, "Nashukuru sana mama, ila mimi nilikuwa nauliza kama bado unauza vifaranga."

Basi nimeona niandike.

Naitwa Nkwimba. Nilizaliwa Lamadi kwa watu wa dagaa, nikaja Bariadi nikiwa na cheti kipya cha ufundi, na humu nikafanya kazi hadi nywele zikabadilika rangi. Hospitali nilizozitumikia sitazitaja. Si kwa ubaya, ila nitasimulia makosa, na mengi yalikuwa yangu mwenyewe.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Idrisa. Kwao walikuwa na duka pale mjini, na yeye alianza maisha kwa kutengeneza redio kwenye baraza la duka hilo kabla hajasomea vifaa tiba. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye bisibisi moja ndogo ambayo haikutoka kwenye mfuko wa shati lake. Siku yangu ya kwanza waliniletea mashine iliyogoma. Nikataka kumwonyesha kwamba nimesoma. Kabla hajamaliza kunikaribisha nilikuwa nimeshafungua skrubu nne.

Akaniuliza, "Umeshamwona mgonjwa?"

"Mgonjwa wa nini, mzee? Mbovu ni mashine."

"Funga skrubu zako, binti. Twende wodini."

Njiani akanipa somo ambalo chuoni lilikuwa limenichukua miaka na sikulielewa. Alisema, ndani ya mtu kuna kitu tunataka kukijua: joto, presha, mapigo, umeme wa moyo. Mashine haijui joto wala presha. Inajua umeme tu. Kwa hiyo pale mbele kabisa, panapogusa ngozi, lazima kuwe na kitu cha kugeuza joto liwe umeme. Hiyo ndiyo sensa. Umeme unaotoka hapo ni mdogo mno, kwa hiyo nyuma yake kuna sehemu ya kuukuza. Lakini ukikuza, unakuza na takataka zake, kwa hiyo kuna sehemu ya kuchuja. Kisha kuna ya kuhesabu, ndipo kioo kinatuonyesha namba au mstari, na karatasi inatutunzia. Chini ya vyote kuna umeme unaoilisha mashine, pamoja na waya wa ethi unaokwenda ardhini.

"Mgonjwa," akasema, "ni stesheni yenye nguvu ndogo kuliko stesheni zote nilizowahi kuzitafuta kwenye redio. Ukitaka kuisikia, anzia inakotangazia. Usianzie kwenye spika."

Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa chochote, lakini nilipenda alivyosema.

Nilianza kuelewa siku alipoletwa Mzee Jidayi kutoka Sapiwi. Huyu alikuwa mfugaji, mrefu kama nguzo, na alikuwa ameanguka mara mbili malishoni bila kujikwaa popote. Mara ya pili wajukuu walimkuta amelala chini huku ng'ombe wamemzunguka, wametulia, kama wanaomlinda. Daktari wetu alishuku moyo. Alitaka mstari wa ECG, yaani mashine inayochora umeme wa moyo, ajue kama ampeleke Mwanza siku hiyo hiyo au amtibu hapa. Mashine ikachora, lakini badala ya mstari mwembamba ikatoa kitu kinene chenye manyoya, kama uzi wa pamba ambao haujasokotwa. Huwezi kuona pigo wala nafasi kati ya pigo na pigo.

Daktari akaniita. "Mama Fundi, nahitaji kuuona moyo wa huyu mzee. Safari ya Mwanza si ya kubahatisha kwa mtu wa hali hii."

Nilikuwa na umri mdogo wa kuitwa Mama Fundi na nilifurahi kuitwa. Nikaichukua mashine hadi karakana, nikaifungua, nikapima fyuzi, nikapuliza vumbi, nikagusa lehemu kila mahali. Asubuhi yote ikaisha. Nikairudisha wodini, ikachora manyoya yale yale.

Mzee Idrisa akaja, akasalimia kwanza. Yeye hakuwa Msukuma lakini salamu alizijua kuliko baadhi yetu.

"Mwadela, baba."

"Mwadela," akajibu Mzee Jidayi. "Huyu binti amehangaika na sanduku lake tangu asubuhi. Mimi nimelala tu hapa, hakuna aliyenigusa."

Mzee Idrisa akanitazama. Kisha akabandua kibandiko kimoja cha kushikia waya kifuani mwa mzee, akapitisha kidole pale, akaninusisha. Samli. Mzee alikuwa amepakwa samli na wajukuu ili aje hospitali akiwa nadhifu, na juu ya samli palikuwa na vumbi la barabara yote kutoka Sapiwi. Vibandiko vyangu vilikuwa vimeshika samli, havijashika ngozi.

Tukaleta maji ya uvuguvugu, sabuni na pamba. Nikaanza kumsugua kifua, mikono na miguu. Mzee akavumilia kwa muda, kisha akasema, "Mayu," yaani mama, "hii mashine yako inataka nipitishwe kwenye josho kama ng'ombe?"

"Ndiyo, guku," nikamjibu, yaani babu. "Na ukitoka hapa kupe hakugusi."

Akacheka, na wodi nzima ikacheka naye. Tukabandika vibandiko vipya vyenye jeli yake. Mstari ukapungua unene, lakini manyoya yalikuwa bado yapo. Mzee Idrisa akainama, akachungulia chini ya kitanda. Kulikuwa na ekstensheni imelala pale, na ndugu wa wagonjwa walikuwa wamechomeka simu sita zinachaji, nyaya zimepita sambamba na nyaya zetu. Tukazihamishia ukutani upande wa pili. Mstari ukapungua tena. Bado haukuwa safi.

"Imebaki ardhi," akasema. "Chukua ndoo mbili za maji."

Nyuma ya jengo palikuwa na chuma cha ethi, kimechomekwa ardhini, na ulikuwa msimu ule ambao udongo wa huku unapasuka hadi unaweza kuingiza mkono. Chuma kilikuwa kimesimama kwenye shimo kavu, karibu kinachezacheza. Umeme wa takataka haukuwa na njia nzuri ya kuondoka. Mimi nikamwaga ndoo ya kwanza taratibu. Maduhu, mlinzi wetu, akaja akasimama.

"Mama Fundi, unamwagilia nini?"

"Chuma."

Akafikiri. "Umekipanda lini?"

"Kilipandwa kabla yangu."

"Basi mwagilia," akasema, akaondoka akitikisa kichwa. Tangu siku hiyo hadi anastaafu, kila msimu wa kiangazi alinikumbusha kwamba shamba langu limekauka. Na alikuwa na haki. Baadaye tulichimba upya, tukaweka chuma kirefu zaidi, lakini siku ile ndoo mbili zilitosha.

Niliporudi ndani, daktari alikuwa ameshika karatasi dirishani. Mstari ulikuwa mwembamba, na sasa hata mimi niliona: moyo wa Mzee Jidayi ulikuwa unaruka mapigo, unasimama, unasahau, kisha unaendelea. Ndiyo sababu alikuwa anaanguka. Jioni ile ile gari likaondoka naye. Mwanza wakampeleka Dar es Salaam, na baada ya miezi akarudi na kifaa kidogo kimewekwa chini ya ngozi ya kifua, cha kuukumbusha moyo. Alikuja kutusalimia akiwa na jogoo kwapani. Akanivuta pembeni kwa siri.

"Mayu, hiki cha kwangu nacho kina ethi? Nikimwagilie?"

Nikamwambia hiki kina betri yake, asikimwagilie kitu. Akaonekana kuridhika, ingawa sina hakika kwamba hakuwahi kujaribu.

Sasa mtadhani kwamba baada ya hapo nilikuwa fundi mzuri. Nilikuwa fundi mwenye majivuno, na hilo ni jambo tofauti kabisa.

Wodi ya watoto wachanga ilikuwa chini ya Sista Holo. Yeye alikuwa muuguzi mwenye sauti nzito na mikono mikubwa, mtu asiyependa maneno mengi wala mashine nyingi. Alikuwa na inkubeta mbili, yale makabati ya vioo ya kuwatunzia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Moja ilikuwa imekaa miezi pembeni kwa sababu waya wake wa kupimia joto la ngozi ulikuwa umekatika. Inkubeta ina jambo moja zaidi ya mashine nyingine, na naomba hapa mnisikilize vizuri. Mashine ya kawaida inapima, inakuonyesha, kisha inakuachia wewe uamue. Inkubeta inaamua yenyewe. Sensa inakaa tumboni kwa mtoto, inasoma joto, na jibu linarudi kwenye hita: mtoto ana baridi, ongeza, mtoto ana joto, punguza. Kwa hiyo sensa ikidanganya, si namba tu inayokosewa. Mtoto ndiye anayepata moto.

Nililijua hilo. Nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani nikapata alama zote.

Siku moja Mzee Idrisa alikuwa amekwenda Lamadi kwenye harusi ya binti yake. Nikapekua kabati la vipuri, nikakuta waya wa joto uliotoka kwenye mashine nyingine iliyokufa. Plagi ilikuwa ya ukubwa ule ule. Nikaichomeka, ikaingia vizuri, ikatoa sauti ya kuridhisha. Nikawasha. Kioo kikaonyesha namba. Nikaishika sensa kwenye ngumi yangu, namba ikapanda. Nikaiachia, namba ikashuka. Nikasema moyoni, mzee akirudi atakuta kazi imekwisha.

Nikaikabidhi inkubeta kwa Sista Holo. Akaizunguka, akaitazama.

"Umeipima?"

"Nimeipima, Sista."

"Haya."

Aliyewekwa humo alikuwa mtoto wa kike wa siku tatu, mdogo kama mkate wa nusu. Mama yake aliitwa Kwandu, kutoka Dutwa, na huyu alikuwa mtoto wa kwanza kumpata akiwa hai. Wawili waliotangulia hawakukaa. Kwandu hakuongea sana. Alikaa kwenye kiti karibu na kioo, kila mara ananyoosha kanga yake ambayo haikuwa imekunjamana.

Mimi nikaenda kantini. Nikaagiza chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na nikawa nawasimulia watu wa maabara namna nilivyofufua inkubeta peke yangu. Nilikuwa nimefika pale panaponoga ndipo Maduhu akaja akikimbia, na Maduhu hakuwa mtu wa kukimbia.

"Sista Holo anakuita. Acha chai."

Nilimkuta Sista ameshamtoa mtoto, amemlaza kwenye kitanda kidogo, amemfunua. Mtoto alikuwa mwekundu, anapumua haraka haraka. Sista hakuwa amepiga kelele. Aliongea polepole, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nilipita nikamwekea mgongo wa mkono. Anaungua. Nimempima kwapani kwa kipimajoto cha kioo, thelathini na nane na nusu. Sasa soma mashine yako."

Nikasoma. Ilikuwa inaonyesha thelathini na tano na nusu, na taa ya hita ilikuwa inawaka. Mashine iliamini mtoto anatetemeka kwa baridi, ikawa inajitahidi kwa nguvu zake zote kumsaidia.

Daktari alikuwa amesimama pale na faili. Alikuwa anafikiria maambukizi, na ilikuwa haki yake, maana mtoto mchanga mwenye joto kali humngojei. Aliniuliza swali moja: "Mama Fundi, hii homa ni ya mtoto au ni ya mashine?"

Vijana wangu, hapo ndipo kazi hii inapokupima wewe. Ningeweza kusema sijui. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Nikasema, "Daktari, nadhani ni ya mashine. Niliweka waya ambao sio wake."

Akanitazama kidogo, kisha akamwambia Sista, "Tumwangalie kila dakika kumi na tano. Akishuka akiwa nje ya inkubeta, tutajua. Asiposhuka, naanza dawa."

Akashuka. Polepole, nusu nyuzi, kisha nusu nyingine, huku Sista Holo akiandika na Kwandu akimkamulia maziwa kwenye kijiko. Mchana ulipogeuka, mtoto alikuwa na joto la mtoto, amelala, mdomo wazi. Wakamhamishia kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kanga imewafunga wote wawili. Mimi nilikaa kwenye ngazi za karakana. Michembe ya watu ilibaki kantini.

Mzee Idrisa alirudi kesho yake na pilau ya harusi kwenye bakuli. Nikamweleza kabla hajaifunua. Hakunikaripia. Alichukua chupa ya chai, akaimimina chai yote nje, akaiosha, akatia maji ya uvuguvugu. Akaingiza humo kipimajoto cha kioo pamoja na ile sensa yangu, akafunika kwa kitambaa, tukangoja.

"Soma vyote viwili."

Kioo: thelathini na saba. Inkubeta: thelathini na nne.

"Sasa chomoa plagi, uipime sensa hiyo kwa mita. Halafu upime ile ya inkubeta nyingine." Nikapima. Zilikuwa zinatofautiana mbali kabisa, ingawa zote zilikuwa zinabadilika joto likibadilika. Plagi zilifanana, sensa zenyewe hazikuwa za aina moja.

"Wewe uliishika kwenye ngumi, namba ikapanda," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Namba kupanda kunakuonyesha kwamba sensa iko hai. Haikuonyeshi kwamba inasema kweli. Hata mwongo yuko hai." Kisha akasukuma lile bakuli kwangu. "Kula. Ukimaliza utaandika yote haya kwenye kitabu cha mashine, kwa jina lako. Halafu utakwenda kumweleza mama wa mtoto."

Kuandika kulikuwa rahisi. Kwenda kwa Kwandu ndiko kulikonishinda. Nilipita mlango wa wodi mara mbili nikijifanya natafuta kitu. Mara ya tatu Sista Holo akanishika bega, akaniingiza.

Kwandu alikuwa amekaa kitandani na mtoto kifuani. Nikapiga magoti pembeni, nikamwambia kwa Kisukuma, maana Kiswahili kilinikimbia. Nikamwambia kwamba joto la mtoto wake jana halikuwa ugonjwa. Ni mimi niliyeweka waya usio wake, na sikuupima ipasavyo kabla ya kumweka mtoto.

Aliutazama mkono wangu, akautazama uso wangu.

"Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui, na nilisema najua."

Akafungua kanga taratibu. "Basi nishikie, nikanawe. Tangu asubuhi sijanawa uso."

Akanipa mtoto, akaenda zake bombani. Akachukua muda wake. Nilisikia maji yanamwagika, nikamsikia anasalimiana na mtu huko nje, akicheka kidogo. Mimi nilikuwa nimemshika yule mtoto kama mtu aliyebebeshwa yai na kijiji kizima. Sikuthubutu hata kupiga chafya. Sijawahi kupewa adhabu nzito kama ile, wala msamaha mkubwa kama ule. Walipotoka hospitali mtoto alikuwa ameongezeka uzito, na mara kadhaa miaka iliyofuata nilikutana na Kwandu mnadani Dutwa, mtoto mgongoni, kisha akitembea, kisha akigoma kutembea.

Tangu hapo sikukabidhi kifaa cha joto bila chupa ile na maji yake. Wenzangu walinicheka kwamba Mama Fundi anachemshia mashine chai. Wacheke. Kila kifaa kina chupa yake ya namna hiyo: mizani ina jiwe ambalo uzito wake unaujua, mashine ya kupima hewa ya oksijeni kwenye kidole ina kidole chako mwenyewe na saa ya kuhesabia mapigo. Tafuta kitu ambacho ukweli wake unaujua kabla, ipe mashine, uone itasema nini. Ikikosea, usimfiche mtu. Andika. Waya ule wa uongo niliufunga fundo, nikaupachika ukutani karakana na karatasi iliyosema "Plagi inaingia." Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Najua mambo yenu ya sasa ni mengine. Sisi tulifuatilia kasoro kwa mita, hatua kwa hatua, hadi tukakipata kipuri kimoja kidogo kama punje ya mtama. Ninyi mnabadilisha bodi nzima. Mashine inakwambia yenyewe kosa lake kwa herufi na namba, unapiga picha, unamtumia mwenzako Mwanza, anakujibu kabla hujafuta jasho. Sina wivu nalo. Ningekuwa na simu yenu siku ile ya samli, ningemtumia mtu picha ya bodi, na yeye angeniambia nibadilishe bodi, na mzee angebaki na samli yake.

Tuliwahi kuletewa mashine ya kufuatilia wagonjwa, msaada kutoka mbali, iliyokuwa inatoa tahadhari kwa kuongea. Iliongea kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na hatukupata namna ya kuibadilisha. Nikamwomba radhi Sista Holo. Akasema, "Niachie. Imekuwa kama mama mkwe. Sielewi anachosema, haelewi ninachosema, lakini akipandisha sauti najua kuna jambo, nakwenda." Na kweli alikwenda, kila mara, na kila mara alianza kwa kumshika mgonjwa mkono kabla ya kutazama kioo. Nilijifunza kwake kwamba mkono haujui desimali, lakini unajua wakati wa kutilia shaka.

Mzee Idrisa hatunaye sasa. Alipumzika kwa amani nyumbani kwake, akiwa ametengeneza redio ya jirani wiki ile ile.

Na mimi je? Mwaka jana nilianza kupata kizunguzungu asubuhi. Nikaenda kliniki, nikakaa foleni kama watu wote, nikaitwa na binti muuguzi mpya ambaye hakunijua. Akanifunga mkanda wa presha, akabonyeza, ukavimba, ukapumua, akasoma. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Bibi, presha yako iko juu sana."

"Hapana," nikamwambia. "Mkanda wako ni mdogo kwa mkono wangu. Mkanda mdogo unapandisha namba."

Akautazama mkono wangu, akakubali, akaleta mkubwa. Akapima tena. Ikapungua kidogo, bado iko juu.

"Nimetoka kutembea, na nilikuwa naongea," nikasema. "Na mkono wangu umening'inia. Unatakiwa uwe usawa wa moyo."

Akanikalisha kwenye kiti chenye mgongo, akaniwekea mkono juu ya meza, akaniambia nikae kimya dakika tano. Dakika tano za kukaa kimya, kwa mtu kama mimi, ni ugonjwa mwingine. Akapima. Juu.

"Binti yangu, una ile ya mkono, ya kusikiliza kwa masikio?"

Alikuwa nayo. Akaenda kuichukua, akapima mkono wa kushoto, akapima wa kulia, kisha akaniwekea vile vya masikioni niusikie mwenyewe mdundo unapoanza na unapokoma. Niliusikia. Ulianza mapema, ukachelewa kukoma. Hapakuwa na manyoya, hapakuwa na waya wa mtu mwingine.

Akakaa mbele yangu, akakunja mikono. Hakuwa amekasirika hata kidogo.

"Bibi, mashine mbili, mikanda miwili, mikono miwili, na umesikiliza mwenyewe. Tumebakiza nini cha kulaumu?"

Nikafikiri kwa uaminifu wote. Nikapitia kila hatua, kutoka ngozini kwangu hadi kwenye kioo chake.

"Hakuna," nikasema. "Binti, unapima vizuri sana. Niandikie dawa."

Akavuta faili, akafungua ukurasa mpya, akaniuliza umri wangu. Na hapo nami, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikamtajia wa kweli.